YAH: Padi iliyorudishwa mbovu na kauli ya fundi wenu kaunta

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Tawi la Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Padi (kidhibiti cha kuchezea gemu) ya PlayStation 5, DualSense nyeupe, niliyoileta kwenu kwa sababu stiki ya kushoto inajivuta yenyewe, imerudi na tatizo lile lile. Karatasi yenu imeandikwa "kubadilisha moduli ya stiki". Moduli, yaani kile kifaa kizima kilichobeba stiki ndani ya padi, haijabadilishwa. Masharti yenu ya matengenezo mnayajua, mmeyabandika ukutani nyuma ya kaunta, sina haja ya kuwasomea. Naandika kwa heshima, ila naomba heshima hiyo isiwafanye mdhani jambo hili ni dogo.

Nianze na lililoniudhi kuliko yote. Nilipoirudisha padi, fundi wenu aliiunganisha kwenye mashine ya maonyesho, akafungua gemu ya Call of Duty, akailaza padi juu ya kioo cha kaunta bila kuigusa. Askari kwenye skrini akasimama tuli. "Umeona? Imetulia." Nikamwomba afungue gemu nyingine, Elden Ring, ambayo imo kwenye mashine hiyo hiyo, tuangalie na huko. Akakataa. Akachomoa waya, akanisukumia padi, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Padi haina shida, shida ni mkono. Wewe rudi kwenye gemu za simu." Wateja wakacheka. Msimamizi wa zamu alikuwa amesimama pale pale, akanyamaza.

Anayejua gemu anaelewa kwa nini ilichaguliwa Call of Duty. Kwenye mipangilio yake ya padi kuna dedizoni, yaani lile eneo la katikati ya stiki ambalo gemu hulipuuza, na kila stiki ina namba yake. Stiki ikiwa inavuta kidogo, ukaiongeza namba hiyo, gemu haioni kitu. Ubovu unabaki ulipo, umefunikwa tu. Elden Ring haina mpangilio huo, na PlayStation 5 yenyewe haikupi nafasi ya kuugusa kwa DualSense ya kawaida; upo kwa DualSense Edge, ile padi yao ya bei ya juu. Kwa hiyo kwenye Elden Ring stiki inayovuta kushoto inamtembeza mtu wako polepole kuelekea kushoto, na gemu ile imejaa kingo za majabali, ukidondoka umekufa. Kwenye Tales of Kenzera: ZAU ni hivyo hivyo: unamsimamisha Zau, mhusika wake mkuu, kwenye jukwaa jembamba ili upime mruko, padi inamsogeza yenyewe hadi kwenye miiba. Gemu hiyo ya 2024 ina sauti za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi ya Abubakar Salim na wenzake, na kwangu ni miongoni mwa gemu za maana zaidi kutoka miaka hii ya karibuni. Nyinyi mnaiuza kwa kusifia Kiswahili chake. Basi mpeni mteja padi inayoweza kuicheza.

Padi yangu ukiiunganisha kwenye kompyuta na kusoma namba za stiki, ya kulia ikiachwa inarudi karibu kabisa na sifuri. Ya kushoto inakaa kwenye -0.17 na haitulii, inachezacheza. Dalili hiyo fundi yeyote anaifahamu. Ndani ya moduli kuna potenshiomita mbili, yaani vipima-mkao vya stiki, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Kila moja ina kijiguso cha chuma kinachotelezea juu ya utepe wa kaboni. Utepe ukilika, usomaji wa katikati unahama, na unga wa kaboni unaobaki humo ndani ndio unaofanya namba zirukeruke. Ukipuliza dawa ya kusafishia saketi, unga unaondoka na padi inakaa vizuri kwa muda mfupi, kisha ugonjwa unarudi, kwa sababu utepe uliolika hauoti tena.

Kazi iliyoandikwa kwenye karatasi yenu ni nyingine kabisa. Unatoa lile pambo jeusi la mbele, unang'oa vitufe vya L1 na R1, unafungua skrubu nne, mbili chini ya vitufe hivyo na mbili chini kwenye mishikio. Unachomoa plagi ya betri kwanza, halafu waya bapa wa bamba la kugusa, unafika kwenye bodi. Moduli ya stiki imeshikwa kwa sehemu 14 za risasi ya kuchomelea. Zote zinatakiwa zinyonywe risasi hadi matundu yawe wazi, maana ukivuta moduli ikiwa bado imeshika tundu moja tu, unang'oa njia ya shaba na bodi imekwisha. Baada ya kuweka mpya, hujamaliza: lazima padi ifanyiwe kalibresheni, yaani ipimwe na kurekebishwa upya, katikati na mzunguko wote wa ukingoni, kisha ihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya padi, kwa sababu vipimo vilivyomo ni vya moduli ya zamani. Anayeruka hatua hiyo anakurudishia padi inayovuta hata kama kifaa ni kipya.

Mtasema nimeifungua mwenyewe. Nimeifungua baada ya fundi wenu kunikatalia huduma, mbele ya shahidi, na picha zipo. Sehemu zote 14 za stiki ya kushoto zina risasi ya kiwandani, laini, zinafanana na za stiki ya kulia ambayo haijawahi kuguswa. Hakuna alama ya moto wala mabaki ya gundi ya kuchomelea. Kilichopo ni doa jeupe la dawa iliyokauka kuzunguka moduli, na kile kishikio kidogo cha pambo jeusi upande wa L1 kimekatwa, kwa hiyo pambo limeachia na linakwaruza kidole gumba. Mlipuliza dawa, mkavunja kishikio, mkatoza bei ya kubadilisha moduli.

Na tukirudi siku ya kuichukua, kabla ya hayo yote ya kaunta: nililipa shilingi 45,000 nikapewa karatasi ya kuandikwa kwa mkono. Niliomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nikaambiwa mashine haina mtandao. Jirani yangu kwenye foleni, aliyenunua tu kava ya simu, alipewa ya EFD.

Narudia lile tukio, maana nataka mlione lilivyokuwa. Kabla hajailaza padi kwenye kioo, fundi aliingia kwanza kwenye mipangilio, huku ameigeuza skrini upande wake. Nilisikia mlio wa menyu. Ndipo akaigeuza skrini kwangu na kusema imetulia. Yaani alijua. Mtu anayeamini amebadilisha moduli haendi kwanza kuongeza dedizoni. Nilipoitaja Elden Ring aliniangalia, akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama pembeni. Hapo ndipo likatoka lile la mkono wangu, na lile la kurudi kwenye gemu za simu, na wale vijana wakacheka, na padi ikasukumwa juu ya kioo ikanigonga kifuani. Kwenye simulizi ya kwanza sikulisema hili la kugongwa kifuani. Nalisema sasa.

Na hizo gemu za simu alizozitaja kama tusi. Anayecheza PUBG Mobile kwa vidole vinne huku akilenga kwa jairo, yaani kwa kuinamisha na kugeuza simu yenyewe, analenga kwa usahihi ambao wengi hawaufikii kwa stiki, kwa sababu mkono unapima nyuzi ndogo ndogo ambazo kidole gumba hakizipimi. Call of Duty: Mobile, iliyotoka 2019, ina ramani za zamani za mfululizo ule na inaenda vizuri hata kwenye simu za bei ya kati, ukishusha ubora wa picha na kuiacha kasi ya fremu juu. eFootball ya simu inakulazimisha kupasi kwa akili. Kasoro zipo: simu ikipata moto fremu zinashuka, seva ziko mbali, na zile pakiti za bahati nasibu za wachezaji zinakula fedha za watoto. Lakini kasoro hiyo ya mwisho imo pia kwenye EA Sports FC ya mashine, na Ubelgiji ilizitangaza pakiti za aina hiyo kuwa kamari mwaka 2018, gemu hiyo ikiwa bado inaitwa FIFA. Mchezaji wa simu ni mchezaji, na dukani kwenu ndiye mnunuzi wa vifaa vingi. Mwajiriwa wenu amewatukana wateja wenu kupitia kwangu.

Hata kadi za PlayStation Store wafanyakazi wenu wanaziuza bila kuuliza akaunti ya mteja ni ya nchi gani. Kadi ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza, na vya kuongezea kwenye gemu ya diski lazima vilingane na eneo la diski yenyewe. Msimbo ukishakwanguliwa mnasema haurudishwi. Kama fundi hajali, na muuzaji naye hajali, nani anajali hapo dukani?

Nilitaka kuomba moduli ibadilishwe kweli, iwe ya sumaku isiyo na utepe wa kulika, ifanyiwe kalibresheni mbele yangu na ijaribiwe kwenye gemu isiyo na dedizoni. Siombi hilo tena. Padi yangu haitaguswa tena na fundi yule. Nataka DualSense mpya ndani ya boksi lililofungwa, shilingi 45,000 zangu zote, na risiti ya EFD ya kila nilicholipa. Nataka pia fundi na msimamizi waniombe radhi pale pale kaunta, saa za kazi, wateja wakiwepo, kwa sauti ile ile iliyotumika kunidhalilisha.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nawapa 7 kuanzia tarehe mliyogonga muhuri kwenye nakala yangu ya barua hii. Zikipita, picha za bodi, karatasi yenu ya mkono na maelezo ya shahidi vinakwenda Tume ya Ushindani kwa kutoza kazi isiyofanyika, na karatasi ya mkono peke yake inakwenda TRA. Nikishafika huko sitapokea simu ya kuniomba tuyamalize, wala padi.

Wenu,
Mteja wa matengenezo, Tawi la Kariakoo.

Nakala:
Mkurugenzi Mtendaji, Makao Makuu ya kampuni.
Mwanasheria wangu.