Anayeuza safari ya Mekong aseme boti inaishia wapi

Kwa Mhariri,

Hapa Kisumu yanazunguka matangazo ya safari za Asia yenye picha ile ile: boti ndefu ya mbao, mto mpana, milima nyuma, na ahadi ya kuzuru nchi sita kwa mto mmoja. Anayeyasoma hudhani atapanda boti huko juu ashukie baharini, kama anavyopanda feri Luanda Kotieno na kushukia Mbita. Mto Mekong hauendeki hivyo, na mteja ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa arbuni.

Nchi sita ni kweli: Uchina, Myanmar, Laos, Thailand, Kambodia na Vietnam, kwa zaidi ya kilomita 4,300. Lakini kwa Uchina, ambako mto unaitwa Lancang, umekatwa na msururu wa mabwawa ya umeme. Safari ya boti ambayo wageni wengi huijua huanza Huay Xai, Laos. Ukitoka Thailand kupitia Chiang Khong, daraja lililofunguliwa 2013 halivukwi kwa miguu. Unapanda basi la mpakani. Boti ya polepole huchukua siku mbili hadi Luang Prabang, na usiku mnalala mji mdogo wa Pakbeng, si botini. Beba chakula, maji na koti, kwa maana asubuhi za Desemba na Januari mtoni kuna ukungu na baridi kali.

Kuna pia boti za kasi zinazomaliza njia hiyo kwa saa sita hivi. Tunamsihi kila mtu aziepuke. Kati ya Februari na Aprili maji hupungua, miamba ikabaki chini kidogo tu ya uso wa maji, na wakati wa mvua magogo huelea. Chombo chembamba kinachokimbia namna ile kikigonga gogo hupinduka. Wavuvi wa ufuo wa Dunga hapa Kisumu wanajua gugumaji linavyoisonga rafadha ya boti. Gogo halisongi rafadha, linavunja boti.

Kutoka Luang Prabang kwenda Vientiane, panda treni iliyoanza Desemba 2021. Ni kama saa mbili. Stesheni iko nje ya mji, tiketi hukatwa kwa pasipoti, na kwenye ukaguzi wa mizigo visu na makopo ya kupuliza, hata ya marashi, huchukuliwa. Usiku wa Vientiane hadi Pakse ni wa basi la vitanda. Kitanda kimoja ni cha watu wawili, kwa hiyo anayesafiri peke yake huenda akalala ubavuni mwa mtu asiyemjua. Mwanamke aliye peke yake anunue nafasi zote mbili au aombe alazwe na mwanamke mwenzake.

Kusini mwa Laos ndiko ndoto ya boti moja inakofia. Maporomoko ya Khone yamejaa miamba na visiwa, na Wafaransa waliopanda mto huo kuanzia 1866 wakitafuta njia ya kwenda Uchina waligundua kwamba meli haipiti. Baadaye walijenga reli fupi kwenye visiwa vya Don Khon na Don Det ili kuvusha mizigo na hata boti. Injini yenye kutu ingali pale. Nanyi mtashuka, mvuke mpaka kwa gari hadi Stung Treng, Kambodia.

Kambodia ndiko kwenye ajabu ambayo mtu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ataielewa haraka. Mto Tonle Sap hutoa maji ya ziwa la jina hilo hadi Mekong, mjini Phnom Penh. Kuanzia Juni hivi, Mekong hufura na kuusukuma mto huo urudi nyuma, ziwa likajaa mara nne au zaidi ya ukubwa wake wa kiangazi. Tuseme mto Nyando uanze kutiririka kupanda milimani! Ndiyo maana nyumba za vijiji vya kando ya ziwa husimama juu ya nguzo ndefu kupita paa za nyumba zetu. Atakayekwenda Aprili ataona nguzo na matope, na kina cha ziwa kitakuwa kama mita moja, boti zikikwama. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kuliona likiwa na maji. Tangazo lisilotaja mwezi linamficha mteja jambo hili.

Phnom Penh hadi Chau Doc, Vietnam, boti ipo, mwendo wa saa tano hivi. Dola mnazobeba ziwe safi: huko Kambodia noti iliyochanika ukingoni, hata kwa upana wa ukucha, hukataliwa. Kip, sarafu ya Laos, zimalizeni huko huko.

Homa ya manjano mchanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika Thailand. Anayetoka Kenya hudaiwa cheti, na dawati la afya hutangulia la Uhamiaji. Viza ya mtandaoni ya Vietnam imekuwa wazi kwa nchi zote tangu Agosti 2023, lakini fomu hutaka utaje kituo utakachoingilia. Ukijaza uwanja wa ndege kisha uje kwa boti, au uache jina moja kati ya matatu yaliyo kwenye pasipoti, unaweza kukwama pale mtoni huku wenzako wakigongewa mihuri.

Wapangaji safari,
Kisumu