Mkutubi aliyeniuliza kama cherehani zetu zinapiga kelele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuzi kwamba siku hizi simu inatosha kumchagulia mtu kitabu, na kwamba mfanyakazi wa maktaba amebakiwa na kazi ya kugonga muhuri na kudai vitabu vilivyochelewa. Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga. Simu ninayo, na mishono mingi ya madera ninayoshona nimeiona humo kwanza. Lakini kwa upande wa vitabu nina ushahidi mwingine, na ningependa usikike.

Kibandani kwetu tuko mafundi watatu na mwanagenzi mmoja. Sisi mafundi hatuwezi kusoma kazini, maana macho yako kwenye sindano. Anayetusomea ni mwanagenzi, binti aliyemaliza kidato cha nne, saa za mchana jua linapowaka na wateja wakapungua. Tulianza na magazeti, likiwemo lako, Mhariri. Shida ni kwamba gazeti linaisha kabla ya alasiri na nguo bado ziko nusu. Ndipo siku moja nikafunga kibanda mapema nikaenda maktaba ya mkoa.

Kaunta alikuwepo mama mmoja mtu mzima, karibu na kustaafu. Nikamwamkia, nikamwambia nataka kitabu kizuri. Hakuinuka kwenda kwenye rafu. Aliniuliza kitabu cha mwisho nilichokipenda ni kipi. Nikamjibu kweli, kwamba tangu niache shule sijamaliza kitabu. Basi akauliza ni hadithi gani niliyowahi kusimuliwa nikakosa usingizi kwa kutaka kujua mwisho wake. Nikamweleza kisa cha bibi yangu cha mwizi wa nazi aliyejulikana kwa nyayo zake. Akatikisa kichwa, kisha akauliza, "Utasoma mwenyewe au utasomewa?" Nikasema tutasomewa, kibandani. Akataka kujua cherehani ni ngapi, za miguu au za umeme, na kama zinapiga kelele.

Wakati ule niliona ni udadisi tu. Baadaye alinifafanulia. Kitabu chenye maelezo marefu kinapotea kwenye kelele. Mashine ikikata upindo mmoja, msikilizaji keshakosa sentensi tatu na hajui tena yuko wapi. Kibandani panafaa kitabu chenye watu wanaozungumza. Akatupa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, na kiko chake walikaa nasi wiki mbili. Rafiki yake Najum huuliza yaleyale ambayo msikilizaji angeuliza, hivyo hata aliyekuwa amezama kwenye ovaloki aliweza kurudi njiani. Tulibishana juu ya muuaji mpaka mteja mmoja akavuta kiti akakaa, nguo yake ilikuwa tayari tangu asubuhi.

Nilipokirudisha, yule mama alinifunulia nyuma ya kitabu, kwenye karatasi ya tarehe. Muhuri uliotangulia wetu ulikuwa wa miaka mingi iliyopita. Akaniambia kwamba rafu zikijaa, kinachotolewa kwanza ni kitabu kisichoazimwa. Kitabu kipya kina watetezi wake: kinatangazwa, mwandishi wake anahojiwa redioni, rangi za jalada lake zinaita. Kitabu cha zamani mtetezi wake ni aliyekisoma tu, na kama aliyekisoma hayupo kaunta, kinakufa kimya. Kwa hiyo alikuwa na desturi ya kupita kwenye rafu Jumatatu, akitazama karatasi za tarehe, akitoa kimoja kilicholala muda mrefu na kukiweka juu ya kaunta kando ya kimoja kilichofika karibuni. Hakubandika tangazo. Aliviacha pale, akingoja mtu aulize.

Rafu yenyewe, Mhariri, haimsaidii mgeni. Tazama mgongo wa kitabu cha fasihi ya Kiswahili maktabani: namba inaanza na 896.392. Shaaban Robert yuko hapo, mwandishi wa mwaka jana yuko hapo, anayechekesha na anayeliza wamekaa bega kwa bega. Namba inakwambia kilipo. Haikwambii kama kinafaa kusomewa mafundi watatu saa nane mchana.

Sitaki ionekane kwamba yule mama hakukosea. Mara moja alitupa Nagona cha Kezilahabi, kwa kuwa ni chembamba na alikipenda sana yeye mwenyewe. Siku ya tatu mwanagenzi alikifunga akasema, "Mama, nasoma lakini siwaoni." Tulikuwa tumepotea sote. Nilimrudishia kwa haya, kama mtu anayerudisha chakula cha watu. Hakununa. Alitoa daftari lake la jalada gumu akaandika, na akanionyesha alichoandika: "Mafundi Ngamiani. Husomewa. Nagona hapana, kinataka ukimya." Halafu akatupa Rosa Mistika cha mwandishi huyohuyo, cha 1971, akituonya kwamba mwisho wake unaumiza. Tulipofika kwa Zakaria, yule baba mlevi, na kipigo anachomshushia bintiye, cherehani zote tatu zilisimama bila mtu kusema simama. Mmoja wetu alitoka nje akakaa kidogo kwenye jiwe la mlangoni. Siku ile hatukumaliza sare tulizoahidi, na sikujuta.

Simu ingejuaje kuandika "kinataka ukimya"? Inajua nilichobofya na wanachonunua wengine. Haijui kwamba nilikirudisha Nagona si kwa ubaya wake bali kwa sababu ya mashine zangu, wala haijui kwamba mwandishi huyo bado alikuwa na kitu kwa ajili yetu.

Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kila mtu aliyeingia kibandani alikuwa na habari zake, na mimi nikaenda maktaba kuulizia kitabu cha huyo Mzanzibari. Yule mama alinieleza kwamba ameandika kwa Kiingereza, na kwamba mwanagenzi wetu akitafsiri huku anasoma tutachoka wote. "Wakati mnangoja," akasema, "kaeni Unguja na Adam Shafi." Akatupa Vuta n'kuvute, kitabu cha 1999 kinachotupeleka Zanzibar ya miaka ya hamsini, kwa Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee mwenye duka. Mwaka uleule ilikuwa imetoka filamu yake iliyoongozwa na Amil Shivji, na akaniambia nijiandae, vijana wataitazama na kuja kukiulizia, kwa hiyo nisikicheleweshe. Mwaka uliofuata, 2022, Paradise ya Gurnah ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Aliyenipa habari ni yule mama wa maktaba, sokoni, tukiwa tunanunua samaki. Tukachanga watu wanne tukaagiza Dar es Salaam. Yusuf, mtoto aliyetolewa na wazazi wake kulipia deni, alimkumbusha fundi mwenzangu mmoja mambo ya utoto wake ambayo kwa miaka yote ya kukaa pamoja hakuwahi kutuambia.

Hapo ndipo palipo ufundi wa kazi hii. Kitabu kipya kilimleta msomaji mlangoni, cha zamani kikamkalisha, kisha kipya kikamkuta yuko tayari. Tulipofika kwenye Peponi tulikuwa tumekwisha kuzoea bandari, majahazi na maduka ya pwani, na hatukuwa wageni.

Baada ya hapo akatupa mashairi, jambo ambalo nisingeliomba mwenyewe. Alianza na Dotto Rangimoto wa Morogoro, aliyepata Tuzo ya Mabati-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili, 2017 kwa diwani yake Mwanangu Rudi Nyumbani, kwa hoja kwamba shairi linalingana na kushona kifungo: linaisha pamoja nacho. Kisha akaturudisha nyuma, sasa kwa nathari, kwenye Wasifu wa Siti binti Saad, aliouandika Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapahapa Tanga. Siti, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alikuwa akiuza vyungu kabla ya sauti yake kufika Bombay kwenye santuri, 1928. Wanawake wanaofanya kazi kwa mikono wanapaswa kusikia habari hizo.

Nimeishi pia mji mwingine, sitautaja. Huko niliingia maktaba, nikauliza kwa adabu kama kuna kitabu kipya kizuri. Kijana wa kaunta akaniuliza, "Jina la kitabu?" Nikasema sina jina. Akasema, "Basi, mama, ukilipata jina urudi." Ukumbi ulijaa wanafunzi wanaosoma madaftari yao wenyewe, na rafu hazikuguswa. Nilikasirika, lakini nilipokaa nikamtazama niliona kazi aliyopewa: kulinda mabegi mlangoni, kukata risiti, kunyamazisha watoto. Asubuhi mpaka jioni hakufunua ukurasa. Mtu ambaye hajapewa muda wa kusoma utamdai vipi asifie kitabu? Kosa nililiona kwa waliompangia kazi.

Yule mama wetu alisomea Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi. Alinisimulia kuhusu Ranganathan, mtaalamu wa hisabati wa India aliyegeuka mkutubi, ambaye mwaka 1931 aliweka kanuni tano za kazi hiyo. Alizijua kwa moyo. Mbili alizirudia mara nyingi: kila msomaji ana kitabu chake, na kila kitabu kina msomaji wake. Watu, alisema, huishika ile ya kwanza na kuisahau ya pili, na ndiyo maana vitabu vya zamani vinaota vumbi.

Ombi langu kwa Bodi ya Huduma za Maktaba ni dogo, wala halihitaji jengo. Kila mfanyakazi wa kaunta apewe saa mbili kwa wiki za kusoma akiwa kazini, na zihesabiwe kuwa kazi. Kila maktaba iwe na daftari kama lile, lisilotaja majina ya watu, linaloandika tu nani wa namna gani alipenda nini na alikirudisha nini kabla ya mwisho. Na mkutubi anapostaafu daftari libaki. Naliomba hili kwa uchungu, maana nimewaona wazee wengi wa kazi wakiondoka na yote waliyoyajua, wakapewa keki na khanga.

Mama yetu amestaafu. Ijumaa iliyopita nilikwenda kurudisha kitabu, nikamkuta kijana mgeni kaunta, na moyo wangu ukaanguka. Nikamwambia sisi ni mafundi wa Ngamiani, tunataka kingine. Akainama chini ya kaunta akatoa daftari la jalada gumu, akafungua taratibu, akapitisha kidole.

"Hapa imeandikwa mnasomewa," akasema. "Bado ni yuleyule anayewasomea?"

Nikamwambia ndiyo, ila sasa naye ana cherehani yake, tunatafuta mwingine.

"Huyo mwingine anasoma haraka au polepole?"

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga