Barua kuhusu bibi

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Pole zako zilinifikia, asante sana. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikishika kalamu maneno yalinikimbia. Leo nimeamka alfajiri, nyumba imetulia, nikasema nikuandikie kabla wengine hawajaamka.

Uliniuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza hivyo. Wengine huuliza umri wake, na nikiwajibu miaka 93 wananiambia, "Alikula chumvi nyingi, tumshukuru Mungu." Namshukuru, tena kwa moyo wote. Ila maneno hayo hayanifariji, na kwako naweza kusema kwa nini. Ni kana kwamba mtu akiishi sana pengo lake huwa dogo. Kwangu imekuwa kinyume. Mtu niliyemjua mwaka mmoja akifariki, anaondoka na mwaka huo mmoja. Bibi ameondoka na miaka yangu yote.

Alikuwa mama wa mama yangu. Niliwahi kusoma kwamba mtoto wa kike, akiwa bado tumboni, huwa tayari ana mayai yake yote ya uzazi. Kwa hiyo bibi alipokuwa na mimba ya mama, lile yai nililotokana nalo lilikuwa humo humo, ndani ya mama, ndani ya bibi. Siku nilipomweleza alinyamaza kitambo, akaweka kiganja tumboni, akasema, "Kumbe nilianza kukubeba zamani." Tangu siku hiyo kila aliponiona nimechoka alinikumbusha.

Juu ya mkono wake wa kushoto palikuwa na kovu la duara, kubwa kama kifungo cha shati, limebonyea katikati na kingo zake zina mikunjo midogo. Ilikuwa chanjo ya ndui. Nilipokuwa mdogo nililala ubavuni pake kidole changu kikiwa pale, nikilizunguka mpaka usingizi unichukue. Nilidhani kila mtu mzima analo. Nilikuwa mkubwa aliponiambia kwamba mdogo wake wa kiume alikufa kwa ndui kabla chanjo haijawafikia. Alikuwa amemfundisha kutembea. Ugonjwa huo ulitangazwa mwaka 1980 kuwa umetokomezwa duniani kote, ndiyo maana mimi na wewe mikono yetu haina alama ile. Alinitazama mkono, akausugua kwa kidole gumba pale ambapo kovu lingekuwa, akasema, "Safi." Neno hilo moja tu. Nadhani sijawahi kuona mtu akifurahia kitu kisichokuwepo namna ile.

Mambo makubwa ya dunia mengi yalimpitia. Alizaliwa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1969 redio iliposema watu wametua mwezini alitoka nje kuutazama. Aliniambia uliwaka vilevile, akarudi ndani kumnyonyesha mjomba.

Lakini umri mrefu una ushuru wake, na hili wanaozungumzia chumvi hawalisemi. Unamkumbuka yule mama wa Ufaransa, Jeanne Calment, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122? Hakuna mtu mwingine ambaye umri wake umethibitishwa kufika hapo. Watu hutaja miaka hiyo kwa mshangao. Mimi hukumbuka kwamba alimzika binti yake wa pekee, kisha mjukuu wake wa pekee. Bibi naye alizika watoto wawili, mume, ndugu zake wote, na kila rafiki aliyemwita kwa jina la utotoni. Jina hilo tulilijua, lakini hatukuwa na haki ya kulitumia. Miaka yake ya mwisho hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwita hivyo. Siku moja alilitamka mwenyewe, polepole, akiwa dirishani. Nilijifanya sikusikia, na mpaka leo sijui kama nilifanya vema.

Masikio yalipoanza kuzeeka tulimpigia kelele, naye akawa anajikunja kama anayekemewa. Baadaye nikajua kwamba uzeeni sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza. Nikaacha kupaza sauti. Nilikaa mbele yake anione midomo, nikaishusha sauti ikawa nzito, nikazungumza taratibu. Uso wake ulifunguka. Laiti ningejua miaka mitano kabla, rafiki yangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kama unaye mzee nyumbani, jaribu leo.

Macho nayo hayakuona tena tundu la sindano, ila kushona hakuacha, vidole vilijua njia. Kwa hiyo kila Jumapili nilipomtembelea nilimtilia uzi sindano sita na kuzichomeka kwa mstari kwenye kimto kidogo alichokishona mwenyewe. Uzi wa sindano moja ukimwishia, alichukua inayofuata. Zilimtosha mpaka nirudi. Alikuwa akizihesabu kwa ncha ya kidole kabla sijaondoka, moja, mbili, mpaka sita, ndipo aniruhusu niende.

Alifariki Alhamisi, usingizini. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake nilikikuta kimto chini ya mto wake wa kulalia. Sindano nne zilikuwa tupu. Mbili bado zilikuwa na uzi, mmoja mweupe, mmoja wa buluu, na ule wa buluu ulikuwa na fundo mwishoni, tayari kwa kazi. Mama alitaka kuzitoa zisije zikamchoma mtoto. Nilimwomba aniachie.

Kimto kiko hapa mezani ninapokuandikia. Ukija nitakuonyesha.

Wako akupendaye daima.