Mdogo wangu, kalenda ya mama siwezi kukutumia

Mdogo wangu,

Meseji yako ya Jumapili nimeisoma zaidi ya mara tatu. Unataka nikuandikie kalenda ya mama, lini alikuwa anapanda saga, yaani mgagani, lini kunde, lini anaanza nasari ya sukuma, kile kitalu cha miche, ndio uifuate hapo kwa ploti yako ya Njoro, kule Nakuru. Nilichukua kalamu kweli, nikafika mwezi wa tatu nikaacha, kwa sababu niliona nikikutumia hiyo karatasi utapoteza msimu mwingine tena. Nakujibu hapa wazi manake si wewe peke yako, vijana wengi wa huku kwetu wamekodi vipande huko Nakuru na Nyahururu na kila mmoja anapiga simu nyumbani na swali hili hili.

Mama alikuwa analima hapa Vihiga, magharibi mwa Kenya. Huku mvua ni kama haiondoki, inapumzika Desemba hadi Februari hivi alafu inarudi, na udongo hata ukiwa umelowa unabaki na joto. Njoro iko juu zaidi ya mita 2,000, wewe mwenyewe uliniambia mwezi wa saba unalala na blanketi mbili. Sasa kumbuka ile picha ya saga uliyonitumia mwaka jana, miche imesimama hapo chini, majani madogo kama kucha na tayari imetoa maua, ukasema mbegu ilikuwa mbaya. Mbegu ilikuwa ile ile niliyopanda hapa nikaanza kuchuma wiki ya tano. Saga ni mboga ya joto, na wewe uliiweka ardhini Juni mwishoni ikakutana na baridi ikaamua kuzaa mapema ife. Hata senje wetu, yule shangazi aliye upande wa Ahero, ambako si mbali na hapa, hafuati kalenda ya mama, ule udongo wao mweusi unashika maji hadi mizizi inaoza, na tangu mafuriko ya 2024 mboga zake zote anapanda juu ya matuta.

Kwa hivyo hapo kwako saga na mrenda, ile mboga ya kuteleza, ziweke mvua ikishaanza, mwisho wa mwezi wa tatu hadi wa nne, ama mapema zaidi mwezi wa pili kama una maji ya kumwagilia, ndio zikue kabla baridi haijashuka. Juni hadi Agosti waachie sukuma, spinachi, kabichi, minji (njegere), karoti na dania, hizo hazina shida na baridi yenu. Managu, yaani mnavu, inavumilia kiasi.

Kuhusu mbegu nataka unisikize vizuri, hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa bure. Saga ukitoa mbegu leo ukapanda wiki ijayo haitaota, ama itaota mmoja mmoja, inahitaji kulala miezi kadhaa kwanza. Mama hakuwahi kusoma hilo mahali popote lakini alikuwa anafunga mbegu kwa kitambaa na kuning'iniza juu ya moto jikoni, na mbegu ya mavuno ya mwezi wa nane ilikuwa inashuka kutoka kule juu mwezi wa tatu. Uliikumbuka ile harufu ya moshi ulipofungua pakiti niliyokutumia, si ndio? Mrenda nayo ina ganda gumu, ifunge kwa kitambaa chepesi uichovye kwa maji yaliyochemka, hesabu hadi kumi polepole, itoe uiweke kwa maji baridi alafu uianike kivulini ndio upande. Managu ni rahisi, ponda zile tunda zilizoiva kabisa ndani ya maji, mbegu nzuri zinazama chini, unamwaga maganda, unaosha, unaanika kivulini.

Na ile hofu yako ati kupeana mbegu ni kosa, sasa tulia. Ni kweli sheria ya mbegu hapa Kenya ilikuwa inaweza kumfunga mkulima hadi miaka miwili au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni moja kwa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa, lakini wakulima wadogo 15 walienda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikasema vifungu hivyo vinakiuka katiba. Siku niliposikia hiyo habari nilikaa chini nikalia, kwa sababu kila mboga iliyotulea ilitoka kwa mkono wa jirani au wa kukhu, nyanya yetu, na kwa miaka hiyo yote huyo jirani angeweza kuitwa mhalifu.

Sasa jambo ambalo hasa lilinifanya nikuandikie. Mwaka jana, ukiacha ile saga ya Juni, ulipanda kila kitu wikendi moja ya Aprili. Mwezi wa sita ulikuwa unagawia majirani wa ploti nzima mabeseni ya mboga, nyingine zikazeeka shambani, alafu Februari ukanipigia ukisema sukuma ya mia haitoshi watu watatu na wewe una shamba. Bustani ya nyumbani usiipime mwezi wa sita, mwezi wa sita hata kando ya barabara kuna mboga, ipime Februari. Mama alikuwa anapanda mstari mmoja au miwili tu, baada ya wiki mbili tatu anaongeza mwingine, na mvua ikielekea kuisha anashuka na jembe kule bondeni karibu na mto ambako udongo haukauki. Wewe huna bonde, lakini una maji ya kuosha vyombo na ya kuoga. Anza nasari ya sukuma katikati ya Oktoba, hamisha miche Novemba mvua ya vuli ikiwa bado inanyesha ndio mizizi iende chini, weka samadi iliyoiva kwa kila shimo, na Desemba funika udongo wote na nyasi kavu, unene wa kiganja. Udongo wenu ni mwepesi kama majivu, maji yanapita tu, ukiuacha uchi utamwagilia kila siku na bado utakauka. Chuma majani ya chini na uache matano sita juu, mmea mmoja utakulisha mwaka mzima. Kiangazi ndio vidukari wanajazana chini ya jani, usikimbilie agroveti, geuza jani uwaoshe na maji yenye sabuni kidogo, rudia baada ya siku chache.

Kitu kingine, usipande nyanya pale ulipong'oa waru, yaani viazi, wala managu pale ulipong'oa nyanya. Hizo zote ni ukoo mmoja pamoja na pilipili na biringanya, ugonjwa wa mnyauko unakaa kwa udongo ukingoja mwingine wa ukoo huo. Weka minji au sukuma hapo katikati, misimu miwili mitatu.

Matunda, ndiyo, najua unataka paipai kwa sababu ya ile iliyokuwa nyuma ya jikoni. Paipai ya mama ilizaa kwa sababu ya joto la huku, na alikuwa anapanda miche mitatu shimo moja akingoja maua ndio ajue dume ni gani aling'oe. Juu huko itakaa miaka ikikupa matunda madogo yasiyo na sukari. Panda matunda damu, ukitunza vizuri utakula ndani ya miaka miwili, na ovakado ya kuunganishwa ambayo inaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, si ya kokwa ambayo itakungojesha hadi mtoto wako amalize shule. Pasheni ile ya zambarau ipitishe kwa ua. Plamu pia zinapenda hiyo baridi yenu. Paipai nitakuwa nakuwekea ukija Desemba.

Nunua kitabu cha mazoezi cha bei ya chini kabisa na kila Jumapili uandike mvua ilinyesha siku ngapi, ulipanda nini, kilitoka lini, nini kilikufa. Baada ya misimu miwili hiyo ndiyo kalenda, na itakuwa ya Njoro.

Kifurushi nimekipa dereva wa matatu, kitafika stendi ya Nakuru kesho jioni. Kuna managu, mrenda, na terere (mchicha) kidogo. Kile kitambaa chekundu ni saga, nimeifunga jana tu, kwa hivyo ining'inize jikoni mahali pakavu na usiifungue hadi mwezi wa tatu. Ni ile ya mama, nimekuwa nikiirudisha udongoni kila mwaka tangu atuache. Igawe mara mbili, panda nusu, nusu nyingine uweke, hata mvua ikianza vizuri namna gani. Ikiota nitumie picha.

Dada yako