Picha ya ubongo hujibu swali lililoulizwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie picha za ubongo. Wagonjwa wengi huomba "kipimo kikubwa cha kichwa" kana kwamba ni kimoja tu, na fomu nyingi hufika chumba cha picha zikiwa na maneno matatu: maumivu ya kichwa. Fomu ya namna hiyo hupoteza nusu ya faida ya mashine.

Kabla ya Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya CT (eksirei ambayo kompyuta huigeuza kuwa picha za vipande vya kichwa) mjini London, kuchunguza ubongo wa mtu aliye hai kulikuwa mateso. Kwa njia ya Walter Dandy ya mwaka 1919, maji ya uti wa mgongo yalitolewa na hewa ikaingizwa badala yake ili eksirei ionyeshe umbo la ubongo. Mgonjwa aliumwa kichwa vibaya na kutapika. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Ureno alionyesha mishipa ya kichwa kwa kuchoma dawa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni. Si ajabu vipimo hivyo viliahirishwa hadi dalili zikithiri. Sasa picha hutangulia. Mrija wa kupitishwa ndani ya mishipa ili ipigwe picha, ambao kwa wachache husababisha kiharusi, umebaki hasa kwa wale ambao CT au MRI (picha ya kutumia sumaku) ya mishipa haikutoa jibu, au watakaotibiwa kupitia mrija huohuo.

Mabadiliko makubwa zaidi yako kwenye kiharusi, na hapo ndipo picha hueleweka vibaya. CT huonyesha damu iliyovuja papo hapo, nyeupe. Lakini mshipa ukiziba, CT ya saa za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa. Ndugu wakiambiwa "picha ni nzuri" humrudisha mgonjwa nyumbani, kumbe kazi ya CT ile ilikuwa kuthibitisha tu kwamba hakuna damu, ili dawa ya kuyeyusha donge itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

MRI ya difyusheni, inayofuatilia mwendo wa maji ndani ya ubongo, huona zaidi. Seli zikikosa damu huvimba, maji yaliyo kati yake hukosa nafasi ya kutembea, na eneo hilo hung'aa ndani ya dakika chache. Picha nyingine ya MRI, iitwayo FLAIR, huchelewa kwa saa kadhaa. Tofauti hiyo ni hazina kwa mtu aliyeamka asubuhi amepooza bila kujua ilianza lini: difyusheni iking'aa huku FLAIR ikiwa bado kimya, huenda muda wa dawa haujapita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa hivyo hunufaika na dawa, ingawa hatari ya kuvuja damu ipo.

Kifafa nacho kina madai yake. Picha za kawaida hukatwa vipande vya milimita 5, na kovu dogo ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, hupotea katikati. Anayechunguzwa kifafa anahitaji vipande vya milimita 1. Mpiga picha hawezi kujua hilo ikiwa neno kifafa halimo kwenye fomu.

Zimekuja pia MRI ndogo za kusukumwa hadi kitandani, zenye sumaku ya nguvu ya tesla 0.064 badala ya 1.5 au 3 za mashine kubwa; Marekani iliziidhinisha mwaka 2020. Nazipenda kwa mgonjwa wa uangalizi maalumu asiyeweza kuhamishwa. Hata hivyo kiharusi kidogo huweza kuzipita, hivyo jibu lao la "hakuna kitu" lisifunge jalada.

Wala picha safi haifuti homa ya uti wa mgongo. Kichwa kikilipuka ghafla kwa maumivu makali, CT iliyopigwa ndani ya saa 6 na kusomwa na mjuzi huaminika sana kwa kutafuta damu. Baada ya hapo, kutoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano bado kunaweza kuhitajika, na sindano hiyo isikataliwe kwa sababu "tumeshapiga picha".

Fomu basi iandikwe saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, upande uliolegea, na ugonjwa unaoshukiwa. Itajwe kila chuma mwilini: betri ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, hata chembe iliyoingia jichoni kazini, maana sumaku ya MRI haizimwi mchana wala usiku. Kipimo cha figo kitajwe kama dawa ya kung'arisha picha itatumika. Mgonjwa ajulishwe mapema kwamba atalala bila kutikisika dakika 20 hadi 45, kwani akisogea picha huharibika. Na aje na picha zake za zamani: doa lililokaa vilevile miaka 5 hutibiwa tofauti na lililozuka mwezi uliopita.

Daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu