Jamani tumerudi tena: harambee ya sola ya kisima cha shule

Ndugu zetu, wazazi, na nyinyi mliosoma hapa mkaenda zenu mjini, salaam. Tunajua tumewaomba juzi juzi tu, kusema kweli hata mkono unakuwa mzito kuandika hii, lakini jenereta ya kisima imekufa kabisa, fundi kaifungua mara ya tatu akasema sasa tusimpotezee muda.

Hali mnaijua. Mitambo ya upepo imesimama kwenye malisho yetu wenyewe, jua likiwa kali ng'ombe wanajipanga mstari mmoja kwenye kivuli cha mlingoti, kivuli kikisogea nao wanasogea. Usiku taa nyekundu zinawaka kule juu, huku chini watoto wanasoma kwa kibatari. Wengi mmetuuliza si mvute tu waya pale? Haiwezekani jamani, ule umeme una volti nyingi mno, mpaka upite kituo cha kupozea kwanza ndio ufae kwa taa ya darasani, na kujenga kituo sio mchango wa kanisani. Tuliandika barua, tukajibiwa vizuri sana, ikaishia hapo.

Basi watoto wanaenda mtoni na madumu kabla ya kengele. Wiki iliyopita binti wa darasa la tano kalala kwenye hesabu, mwalimu anamwamsha, dumu bado kalikumbatia. Na mifugo je? Ng'ombe mmoja kipindi cha joto anaweza kumaliza lita 50 kwa siku.

Tunachotaka ni pampu ya sola. Jua likiwaka inavuta, maji yanapanda kwenye tangi lile lile mlilotununulia, usiku tunakunywa ya mchana, hakuna dizeli hakuna betri. Paneli nzuri inafika miaka 25. Uzio pia upo kwenye hesabu, maana ng'ombe akiona nguzo lazima ajikune, na mbuzi wetu mnawajua, watapanda juu.

Kila senti itakuwa na risiti, orodha itabandikwa ofisini kama ile ya tangi. Na kwa kuwa tumeitaja ya tangi, kutoa ni moyo, sawa, ila kuna mioyo hatukuiona kwenye ile orodha na ng'ombe wao walikuwa wanakunywa hapo kila siku. Majina hatutaji. Bado.

Tunachanga Jumapili hii baada ya ibada, Mungu akipenda. Asiye na pesa alete mbuzi tumnadi, asiye na mbuzi aje na jembe tuchimbe mashimo ya nguzo. Mlio mbali tumeni kwa mweka hazina, namba ni ile ile, asipojibu siku hiyo msishtuke, simu yake anaipeleka kuchajiwa sokoni mara mbili kwa wiki.