Risala ya Klabu ya Hisabati kwa Mgeni Rasmi: Hesabu ya Meli Inayodidimia

Mheshimiwa mgeni rasmi, mhandisi wa bandari. Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Karibu Moshi, ingawa bahari iko mbali. Mada yetu unaijua kikazi: kwa nini meli ikifika penye maji haba hudidimia bila kuongezewa mzigo.

Maji yaliyobanwa kati ya mkuku (uti wa chini wa meli) na sakafu ya bahari hulazimika kukimbia. Yakikimbia, shinikizo hushuka, na meli hushuka nalo. Kanuni hiyo ya shinikizo Bernoulli aliichapisha mwaka 1738, lakini kuigeuza kuwa sentimita za mdidimio kulichukua muda. Mtafiti Kreitner alishughulikia mifereji mwaka 1934. Mwaka 1966 Mwaustralia Ernest Tuck akatoa kanuni ya maji yaliyo wazi: gawanya kasi ya meli kwa √(g × kina), g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia, upate F. Mdidimio huenda sambamba na F² ÷ √(1 − F²). F ikikaribia 1, jibu hukimbilia kusikohesabika. Kosa si la meli: Tuck aliacha vijenzi vidogo vya mlinganyo, na hapo si vidogo tena.

Mwaka 1980 ICORELS, tume ya kimataifa ya upokeaji wa meli kubwa, ilitumia umbo hilohilo: lizidishe kwa 2.4, kisha kwa ujazo wa meli chini ya maji uliogawanywa kwa urefu wake wa kipeo cha pili. Chukua meli ya mita 180 kwa 30, iliyozama mita 10, unene wa umbo 0.8 (sehemu ya sanduku la vipimo hivyo inayojazwa na meli), kwenye kina cha mita 12. Kwa noti 6 (kipimo cha kasi baharini, si za benki) inadidimia sentimita 27. Kwa noti 12, mita 1.26. Nafasi ya mita 2 chini ya mkuku inabaki sentimita 74.

Mtaalamu wa meli Barrass alirahisisha: unene wa umbo mara kasi ya noti ya kipeo cha pili, gawanya kwa 100. Jibu ni mita 1.15. Kwenye mlango mwembamba wa maji huzidishwa takriban mara mbili, 2.30, meli imeshagusa chini. Meli ya abiria Queen Elizabeth 2 iligonga miamba Marekani tarehe 7 Agosti 1992: ramani haikuionesha, na mdidimio ulikadiriwa chini mno.

Ombi letu ni hori la maji la mita 4 kwa 1. Kielelezo cha meli yetu ya mfano, kwa kipimo cha 1 kwa 300, kina upana wa sentimita 10. Hori likiwa jembamba, kuta nazo hubana maji na kipimo huzidi. Kina kiwe sentimita 4, kasi sentimita 36 kwa sekunde. Mdidimio utakuwa milimita 4 tu, hivyo tunaomba pia kipimio cha milimita.

Tunaomba kuwasilisha.